Somo: Kupanda airisi za asili kwenye kona yenye majimaji (Amerika Kaskazini)

Ile kona isiyokauka, pale maji ya paa yanapomwagikia, wengi huijaza kifusi. Naomba muiache. Ndipo panapoifaa airisi ya buluu, Iris versicolor, mwenyeji wa mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Quebec iliifanya ua lake rasmi mwaka 1999. Mlio kusini, Louisiana na jirani zake, tafuteni Iris virginica au Iris fulva yenye wekundu wa shaba.

1. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Kivulini utapata majani tu.

2. Nunua miche kwenye kitalu kinachootesha mimea ya asili. Usichimbe porini.

3. Panda majira ya kuchipua au joto linapoelekea kuisha. Shina lake la ardhini ni nene, limelala kama tangawizi. Lilaze hivyohivyo, mizizi chini, ulifunike udongo kidogo tu. Likizikwa sana litakawia kutoa maua. Kati ya mche na mche acha sentimita 45 hadi 60. Ukingoni mwa bwawa maji yasizidi sentimita 10 juu ya shina, na mche mchanga uanzie kwenye tope kwanza. Vaa glavu: utomvu huwasha ngozi, na shina ni sumu kwa watu na mifugo.

4. Mwaka wa kwanza udongo usikauke kabisa.

5. Majani yakinyauka vuli, yakate uyatoe bustanini. Nondo wa airisi hutaga humo, na viwavi wake hutoboa hadi shinani mwaka unaofuata.

6. Zikibanana, baada ya miaka 3 au 4, chimbua maua yakiisha, ugawe.

Maswali ya wanachama

*Kaka, ile ya njano inayoota kando ya maziwa nayo je?*
Usiipande, dada. Ni Iris pseudacorus, imetoka ng'ambo. Mbegu zake huelea, mashina yake hufunga kingo zote na kuisonga mimea ya hapa. Massachusetts na New Hampshire zimeipiga marufuku.

*Naweza kuanza na mbegu?*
Ndiyo. Zipande nje vuli zipigwe na baridi msimu mzima. Maua usiyategemee mwaka wa kwanza.

*Nimpelekee mama Njombe?*
Hapana, ndugu yangu. Versicolor imezoea majira ya baridi kali, na mmea haupiti mpakani bila kibali. Mama anao jamaa wa aila hiyohiyo karibu naye: Moraea na Gladiolus za Kitulo, huchanua msimu wa mvua. Akazitazame hukohuko, asizing'oe, maana ile ni hifadhi ya taifa.