Somo: Kukadiria umri wa volkano za Mirihi kwa kuhesabu kreta

Hadi sasa hakuna chombo kilichorudi duniani na mawe ya Mirihi, kwa hiyo umri wa volkano zake husomwa kwenye picha. Eneo lililokaa muda mrefu limepigwa na vimondo vingi, ambavyo huacha mashimo yaitwayo kreta. Lava mpya ikimwagika hufunika kreta za zamani na hesabu huanza upya.

1. Tafuteni picha za mbavu za volkano mbili, kipimo kiwe kimoja. Mimi hupendelea Olympus Mons, yenye kimo cha kilometa 22 hivi na lava changa, pamoja na Tyrrhenus Mons iliyochakaa, yenye zaidi ya miaka bilioni 3.

2. Choreni miraba inayolingana, tuseme kilometa 10 kwa 10.

3. Hapa msiharakishe, maana ndipo kazi yenyewe ilipo. Shimo kubwa la kileleni ni kaldera: ardhi ilititia magma (mwamba ulioyeyuka) ilipopungua chini yake. Halihesabiwi. Vishimo vilivyosongamana au vilivyorefuka mara nyingi vimechimbwa na mawe yaliyorushwa na mgongano mmoja mkubwa. Mkivijumlisha, volkano itaonekana kongwe kuliko ilivyo. Vilivyojipanga mstari huenda ni dari ya handaki la lava iliyoporomoka. Waacheni wanafunzi wabishane, na kila kikundi kiandike sababu za kukubali au kukataa shimo.

4. Pangeni kreta kwa kipenyo, kisha gawanyeni idadi kwa eneo. Penye nyingi zaidi za ukubwa uleule ndipo pa kale.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, miaka yenyewe inatoka wapi?*
Mwezini. Wanaanga wa Apollo, safari za Marekani za kwenda mwezini, walileta mawe kati ya 1969 na 1972, umri wake ukapimwa maabara na kulinganishwa na kreta za pale yalipookotwa. Kwa Mirihi hesabu hurekebishwa, kwa kuwa iko karibu zaidi na ukanda wa asteroidi (miamba inayolizunguka jua) na mvutano wake ni tofauti. Jibu hubaki kuwa makadirio.

*Zuhura je?*
Kwa volkano mojamoja haifai. Sayari nzima ina kreta zipatazo 1,000 tu, na angahewa yake nzito huteketeza vimondo vidogo.

*Darasa la saba wataweza kweli?*
Wataweza. Mwaka 2010 wanafunzi wa darasa hilo huko California, wakichunguza picha za mahandaki ya lava, waligundua kwenye Pavonis Mons tundu ambalo huenda ni mlango wa pango.