Kabla hujaagiza springi za seti, kaa kwanza nikuambie

Springi za seti, yaani zinazouzwa zikiwa zimeshabanwa na kufungwa ndani ya kikombe, zinavutia, sikulaumu. Ukishakaa zamu nzima unachambua springi zilizoshikana ndoo nzima kama nywele zilizokosa kitana, unavuta moja zinakuja sita, halafu mtu akuletee kikombe kidogo chenye springi na pini yake ndani, imeshabanwa, imeshafungwa, kazi yako ni kuchomeka tu, utasaini oda siku hiyo hiyo. Mimi nilisaini.

Anza na mchoro. Kama umeandikwa kipenyo, idadi ya mizunguko na urefu wa springi ikiwa haijabanwa, halafu basi, urudishe kwa aliyeuchora. Unachonunua ni nguvu, kwa hiyo iandikwe nguvu: newtoni ngapi springi ikibanwa hadi urefu gani, na izidi au ipungue kwa kiasi gani kabla hujaikataa. Macho hayatakusaidia hapa. Ugumu wa springi hufuata unene wa waya kwa kipeo cha 4. Waya ukinenepa kwa asilimia 5 na mengine yote yakabaki vilevile, ugumu unapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa waya wa milimita 1, hiyo ni tofauti ya milimita 0.05. Nani ataiona? Na ikishaingia kwenye kikombe, hata anayetaka kuupima waya hana pa kuushikia.

Joto la mahali itakapofanya kazi litaje mapema. Waya wa kaboni wa kawaida ukivuka nyuzi 120 za sentigredi unaanza kulegea, na mtu wa springi hawezi kuotea kwamba utaiweka karibu na injini.

Miwani ya kazi, kila mtu, bila mjadala. Seti ni nguvu iliyofungiwa, na bisibisi si kifaa cha kuifungulia.

Sasa zinki. Hapa ndipo yaliponikuta.

Seti zetu zilikuwa na springi za waya mgumu zilizopakwa zinki kwa umeme, kuzuia kutu. Mzigo ulipofika tulitoa seti ishirini, tukapima nguvu, tukapima kikombe, zote sawa. Nikasaini, zikaingia stoo. Kesho yake kijana wa stoo akaja kuniambia maboksi yanalia. Nilimcheka. Akarudi mara ya pili, safari hii na seti mkononi. Akaiinamisha, na nusu ya springi ikadondoka mezani kwangu. Palipovunjika palikuwa pakavu, pa kijivu, pana chembechembe kama sukari, wala waya haukuwa umepinda hata kidogo. Hakuna aliyeidondosha, hakuna aliyeigusa. Tukaenda kusimama stoo, kimya, na kweli: tk. Baada ya muda, tk nyingine. Mbaya zaidi, zile tulizokwisha kuzifunga kwenye bidhaa zilikuwa zinafaulu jaribio jioni na kukutwa zimekufa asubuhi.

Kilichotokea ni hiki. Springi inaposafishwa kwa asidi na kupakwa zinki kwa umeme, hidrojeni huingia ndani ya chuma. Chuma laini hakijali sana. Chuma kigumu cha springi, kikiwa chini ya mzigo usioondoka, hupasuka polepole kwa ndani, saa kadhaa au siku kadhaa baadaye. Dawa yake inajulikana: springi iingie tanurini kwenye nyuzi 190 hadi 220, ikae humo saa za kutosha, na iingie ndani ya saa 4 baada ya kupakwa. Aliyetuuzia seti alinunua springi kwa mwingine, ambaye naye alipeleka kupakwa kwa mwingine tena. Watatu wote, kila mmoja alidhani wa tanuri ni mwenzake. Na mimi sikuwa nimeliandika popote.

Springi ya kawaida, isiyobanwa, huenda ingelala kimya mpaka siku ya kufungwa. Ya seti imeanza kazi siku ilipofungiwa kule kwa muuzaji. Kwa hiyo usipokee mzigo wa springi zilizopakwa zinki kwa umeme bila karatasi ya tanuri: namba ya mzigo, nyuzi ngapi, saa ngapi, na muda uliopita tangu kupakwa. Hata ukiwa nayo, toa sampuli, ziache zimebanwa saa 48 angalau, ndipo uruhusu mzigo utoke stoo. Mkubwa wa uzalishaji atapiga kelele, mwache apige. Au ukwepe balaa lote: taka chuma kisichoshika kutu, au zinki inayopakwa bila umeme wala asidi.

Mengine ni ya kawaida. Tarehe ya kufungwa iandikwe kwenye kila boksi, za zamani zitoke kwanza, maana springi iliyobanwa hupoteza nguvu kidogo kidogo hata ikiwa imekaa tu kwenye rafu. Zilizokaa muda mrefu zipimwe upya. Mbovu zifunguliwe kwenye kifaa chake kabla hazijaenda chakavu, kuna mtu huko ataziponda bila kujua. Muulize muuzaji akibadilisha waya au mpakaji kama atakuambia, na akijibu ndiyo, aandike. Hesabu maboksi. Usifute muuzaji wa springi za kawaida kwenye daftari lako. Na kile kifaa cha zamani cha kubania springi kwa mkono usikitupe. Chetu kilikuwa kimeshafika kwenye rundo la chakavu siku tulipokihitaji, na kilirudi na mpini uliopinda.