Somo: Mkate wa mayai wa chai ya alasiri, kwa jiko la mkaa au oveni

Leo tunapika mkate wa mayai, keki ya nyumbani inayojulikana pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Ni mayai, sukari, unga na iliki, basi. Hauna siagi wala maziwa, na beking pauda hauihitaji. Ukikatwa vipande ukawekwa kando ya birika la chai baada ya swala ya alasiri, hakuna anayeuliza kilichopungua.

Ninaufundisha huu kabla ya keki nyingine yoyote kwa sababu unamfunza mtu kupiga mayai na kusoma moto. Kinachouinua ni hewa mliyoipiga ndani ya mayai, na hatua zote zinazofuata ni za kuilinda hewa hiyo isitoroke.

Mahitaji

Mayai 6 ya kisasa (yakivunjwa yawe gramu 300 hivi)
Sukari kikombe 1, yaani gramu 200
Unga wa ngano mweupe kikombe 1 na nusu, gramu 190 hivi
Iliki iliyotwangwa, kijiko 1 cha chai
Chumvi chembe tu
Zabibu kavu, ukipenda
Samli kidogo ya kupaka sufuria

Kikombe ninachosema ni kile cha kupimia, cha mililita 250. Mwenye mizani ndogo ya jikoni aitumie, itamwondolea wasiwasi. Mayai ya kienyeji ni madogo, hivyo weka 7 au 8 mpaka ufike uzito huo.

Iliki nunueni nzima, kwenye masoko ya Kariakoo au Kisutu hapa Dar zimejaa. Chagueni zenye kijani na punje nyeusi zenye kunata kidogo. Ile iliyokwisha kusagwa ikakaa dukani imebaki jina tu. Twanga punje pamoja na kijiko kimoja cha sukari uliyopima, zitalainika upesi.

Hatua ya kwanza: moto na sufuria

Anzeni na moto, maana povu la mayai halingoji mtu awashe mkaa. Mkaa ushike wote, uwe mwekundu, moshi uishe. Wakati huo paka samli sufuria nzito ya upana wa sentimita 22 hivi, tandika karatasi ya kuokea chini, nyunyiza unga kidogo pembeni.

Jiko la mkaa likae uani au barazani. Nawaomba sana wenzangu mliopanga chumba kimoja: msiingize jiko ndani hata mvua ikinyesha. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na huua.

Hatua ya pili: kupiga mayai

Hapa ndipo mkate unapopatikana au kupotea. Mayai yasiwe ya baridi. Kama yalikuwa kwenye friji, yatoe saa moja kabla, joto letu la Dar litafanya kazi yake. Bakuli liwe kubwa, kavu, lisilo na mafuta.

Vunja yai moja moja kwenye kikombe kwanza, ukikutana na bovu usiharibu yote. Tia mayai kwenye bakuli pamoja na chumvi, piga dakika moja, kisha mimina sukari kidogo kidogo huku unaendelea kupiga. Kwa mashine ni dakika 8 hadi 10. Kwa mchapo wa mkono ni dakika 20 au zaidi, na mkono utachoka, kwa hiyo mwite mtu mpokezane.

Msiangalie saa peke yake, angalieni bakuli. Mwanzoni mayai ni ya manjano na mapovu makubwa. Baadaye rangi inafifia, mapovu yanakuwa madogo, na kiasi kinaongezeka mpaka kinafika mara tatu ya kilivyoanza. Inua mchapo: mchirizi ukianguka ukakaa juu kama utepe, ukahesabu moja mpaka tano kabla haujazama, yameiva. Ukizama papo hapo, endelea kupiga.

Hatua ya tatu: unga

Chekecha unga na iliki mara mbili. Weka mashine kando, haina kazi tena. Nyunyiza theluthi ya unga juu ya povu, uchanganye kwa mwiko mpana ukitoa chini na kuleta juu, taratibu, huku unazungusha bakuli. Rudia mara mbili. Unga mkavu ukiisha kuonekana, acha. Kila mkorogo wa ziada unafukuza hewa.

Mimina kwenye sufuria mara moja. Zabibu zigaragaze kwenye unga kidogo kisha zitawanye juu, hazitazama zote.

Hatua ya nne: kupalia, yaani kuoka kwa makaa chini na juu

Makaa yagawe mafungu matatu: fungu moja chini, mawili juu ya kifuniko. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo maana chini panaungua na juu panabaki pabichi. Yale ya chini yapange duara pembeni mwa jiko, katikati pawe wazi, na uyapunguze makali kwa majivu. Kifuniko kiwe bapa, cha bati au sinia kuukuu, kisichoacha nafasi.

Acha dakika 25 bila kufunua. Ninajua hamu inavyosumbua harufu ya iliki inapoanza kutoka, lakini vumilieni. Baada ya hapo funua upande, uangalie makaa yasidondokee ndani, uchome kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua. Kwa kawaida ni dakika 30 hadi 40. Wenye oveni: nyuzi 180 za Selsiasi, rafu ya katikati, dakika 35, na oveni iwe imeshapata moto kabla.

Uache upoe dakika 10, upindue, na ukate kwa kisu cha meno ukishapoa kabisa.

Maswali

Swali kutoka Mbagala: Dada, wangu unaumuka vizuri, nikiutoa tu unabonyea katikati. Nakosea wapi?

Mara nyingi haujaiva katikati. Juu pamekuwa pekundu upesi kwa sababu ya moto mkali, ukadanganyika. Punguza makaa ya juu, ongeza dakika tano, na usiuamini mpaka kijiti kikwambie. Ukiwa umefunua mapema nako ni sababu.

Tabata: Mimi ni kaka ninayekaa peke yangu, nina mtungi wa gesi tu. Inawezekana?

Inawezekana, kaka yangu. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga safi mkavu kina cha vidole viwili, funika, upashe dakika 10. Weka sufuria ya mkate juu ya mchanga, funika, moto mdogo kabisa, dakika 45 hadi 50. Kifuniko kifunge kwa kitambaa ili mvuke usidondoke juu ya mkate, na pembe za kitambaa zifundwe juu, mbali na moto. Juu hapatapata rangi. Ukiitaka, upindue mkate kwenye kikaangio dakika mbili.

Temeke: Watoto wanasema unanuka shombo.

Angalia kwanza kama umeiva, mbichi hunuka. Ongeza iliki, na ukwangue ganda la limau moja, lile la juu tu, jeupe ni chungu. Vanila inasaidia, ila kwangu mimi iliki inatosha.

Kigamboni: Shikamoo mama. Naweza kupunguza sukari?

Marahaba mwanangu. Punguza mpaka gramu 150, usishuke zaidi. Sukari hapa inashikilia povu, si utamu peke yake. Ukiiondoa sana mkate unakuwa mfupi na mgumu.

Buguruni: Umeme ukikatika katikati ya kupiga?

Malizia kwa mchapo. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto yaliyoepuliwa, bakuli lisiguse maji. Joto hilo hufanya mayai yapande haraka.

Magomeni: Nataka kuuza vipande kwenye vibanda vya chai. Unakaa siku ngapi?

Kwa kuwa hauna mafuta, hukauka mapema. Kwenye chombo chenye kifuniko siku ya kwanza ni bora, ya pili bado mzuri, lakini kwa biashara oka asubuhi uuze siku hiyohiyo. Usiufunike ukiwa na moto, utatoa jasho, na kwa unyevu wa huku ukungu hauchelewi. Vilivyobaki vikate vyembamba uvikaushe kwenye moto mdogo mpaka viwe vikavu kabisa. Kuna wateja watakaoviulizia hivyo hivyo, vya kuchovya kwenye chai ya rangi.