Kabla lori halijatoka Dar kwenda Tunduma

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900 za barabara ya TANZAM, mpakani na Zambia, na mwenye mzigo wa Lubumbashi, Kongo, bado ana Zambia ya kuvuka. Wanaoanza biashara hii huwa nawaambia kwamba safari huharibikia uani, siku ya kupakia, ingawa hasara huja kuonekana kwenye mizani ya Makambako.

Anza na uzito. Wengi wanazijua tani 56, lakini hizo ni za gari lenye ekseli (mihimili ya magurudumu) saba, gari na mzigo kwa pamoja, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Tena mizani haisomi jumla peke yake. Ekseli ya usukani isizidi tani 8, ekseli moja ya matairi manne tani 10, zikiwa mbili pamoja 18, tatu 24. Ndiyo maana lori lisilofika hata tani 54 linaweza kuzuiwa, kisa mifuko imerundikwa sehemu moja. Niliwahi kupita mizani ya Vigwaza salama na mbolea, Makambako ekseli za nyuma zikazidi. Mifuko hatukuifunga vya kutosha, na kupanda mlima wa Kitonga kukaisogeza. Tuliupanga upya mzigo ule kwa mikono, juani, mpaka jioni. Siku hizi nasimamia upakiaji mwenyewe, nakaza mikanda, na napima gari kabla halijaanza safari.

Breki zikaguliwe na fundi unayemwamini, si kwa macho ya dereva tu. Kwenda, hatari iko baada ya Mbeya, mteremko wa Iwambi. Kurudi, ni kushuka Kitonga. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika, kwa hiyo dereva aingize gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na anayegonga mnyama hulipa faini. Panga muda ili gari lipite pale mchana.

Kadi za njano ni mbili, na watu huzichanganya: moja ni bima ya COMESA ya gari, nyingine ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Kongo wanakidai kwa dereva na utingo wote wawili. Namba ya lakiri ya forodha ilingane na iliyoandikwa kwenye nyaraka. Isome wewe mwenyewe kontena likiwa bado Dar.

Ukifikiria reli, uliza kwanza upana wa njia. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067 sawa na reli za Zambia, hivyo behewa linaweza kuvuka mpaka bila kushusha mzigo. Reli ya kati ya zamani ni 1,000, na SGR, reli mpya ya kisasa, ni 1,435. Behewa la moja haliendi kwenye nyingine, na kila kuhamisha mzigo ni gharama na muda.

Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, zina kituo cha pamoja cha forodha tangu 2019, lakini foleni bado zipo. Wakala wako awe ameingiza nyaraka gari likiwa njiani, na posho ya dereva na utingo izidi hesabu yako kwa siku kadhaa. Wanalala humo humo kwenye lori, na chakula wananunua.