Picha ya fesheni ya zamani: imepakwa kwa mkono au ni kopi? Angalia hivi

Mi nishapigwa kwenye hizi picha, nililipia kopi kwa bei ya orijino, kwa hiyo nawaambia mapema. Nazungumzia kurasa za majarida ya Paris kama Gazette du Bon Ton, lile la Lucien Vogel lililoanza 1912 likafa 1925, wachoraji wake kina Georges Lepape na George Barbier. Picha zake za rangi zilipakwa kwa mkono kwa stensili, Wafaransa wanaita poshwari (pochoir), yaani mistari inachapwa kwanza, halafu kila rangi inakatiwa stensili yake kwenye bati jembamba, fundi anapitisha brashi, anasubiri ikauke, anaweka stensili nyingine, na picha moja tu inaweza kula stensili kibao.

Chukua lenzi ya kukuzia, ya mara 10 inatosha, tafuta sehemu iliyojaa rangi moja, mfano gauni. Ukikuta vinukta vya bluu, pinki na njano vimejipanga duara duara, basi umeshikishwa kopi ya mashine. Ya stensili haina vinukta, rangi imekaa nzito kama chokaa ukutani, michirizi ya brashi inaonekana, na pale stensili ilipoishia rangi imejikusanya ikafanya kakingo kembamba. Inamisha karatasi mwanga wa taa uje kwa ubavuni, hako kakingo utakaona hata bila lenzi. Alafu kuna kitu mi nakipenda kuliko vyote, rangi na mstari havilingani, mara wekundu umevuka mstari wa bega, mara kwenye pindo kamebaki kanafasi keupe, wengine wanaona uchafu ila kwangu huo ndo ushahidi.

Ila msikimbilie kusema kila chenye vinukta ni feki jamani. Jarida la Harper's Bazaar la Marekani, ambako mchoraji Erté alianza kuchora 1915, lilichapwa kwa mashine nakala nyingi mno, nani angekaa kupaka moja moja? Humo vinukta ni kawaida, we geuza ukurasa, ukiwa umetoka kwenye jarida kweli mara nyingi nyuma unakuta maandishi au tangazo, ukikuta peupe pe na karatasi inang'aa kama ya jana, shtuka.

Na usijaribu rangi kwa kidole chenye mate, nimeona mtu anafanya hivyo, rangi ya stensili ni ya maji, inatoka na kidole.