Jinsi ya kuchagua mvinyo wa Austria kwa kufuata hali ya hewa

Ukishika chupa ya mvinyo wa Austria, tafuta kwanza jina la eneo, kisha ndipo utazame aina ya zabibu. Grüner Veltliner, zabibu nyeupe, ikitoka eneo la Weinviertel huwa nyepesi, yenye harufu ya pilipili manga. Zabibu hiyo hiyo ikikua kwenye matuta ya mawe ya Wachau, kando ya mto Danube, inaweza kutoa mvinyo mzito unaonukia matunda yaliyoiva.

Wachau hupata joto kutoka nyanda za Hungaria upande wa mashariki, na usiku hewa baridi hushuka kutoka misitu ya Waldviertel. Jua la mchana huongeza sukari. Baridi ya usiku huhifadhi uchachu na harufu. Wakulima wa huko wana madaraja yao matatu, na ni vyema uyakariri: Steinfeder haizidi kilevi cha asilimia 11.5, Federspiel ni 11.5 hadi 12.5, na Smaragd huanzia 12.5. Wengi hukosea kwa kudhani Smaragd ndiyo bora kwa kila mlo, kumbe humeza kabisa ladha ya samaki wa kuchemsha. Hapo chukua Federspiel.

Ukitaka mvinyo mwekundu, nenda Burgenland, kwenye joto zaidi, uchague zabibu nyekundu ya Blaufränkisch. Huko huko liko ziwa Neusiedl, ambalo kina chake hakifiki mita 2. Msimu wa vuli mvuke wake huleta ukungu asubuhi, na kuvu ya Botrytis hushika zabibu, hutoboa ganda na kuacha maji yapotee. Jua la mchana likikausha mashamba, sukari hubaki imekolea na kupatikana mvinyo mtamu sana. Mvua ikiendelea, zabibu huoza tu.

Eneo la Südsteiermark lina mvua nyingi na usiku wa baridi, hivyo zabibu yake nyeupe ya Sauvignon Blanc huwa kali na yenye harufu ya majani mabichi. Hiyo inywe changa.

Tazama pia mwaka wa mavuno: mwaka wa joto kali hupunguza uchachu hata Wachau.

Mvinyo mweupe mwepesi uandae kwa nyuzi 8 hadi 10, Smaragd 10 hadi 12, Blaufränkisch takriban 16. Smaragd ikitoka kwenye friji iache mezani dakika 15 hadi 20, kwa sababu ubaridi mkali huficha harufu yake na kubakiza uchachu peke yake.