Shika Uzi Mmoja: Namna ya Kuutafuta Muziki wa Dunia

Ukiandika "muziki wa dunia" kwenye programu ya kusikilizia muziki, unaletewa mkusanyiko wa nyimbo arobaini za nchi arobaini, nusu yake zimechanganywa na sauti za mvua ili zikubembeleze ulale. Nusu saa ikipita hukumbuki hata mmoja. Si kosa lako. Jina hilo lilikubaliwa London mwaka 1987 na watu wa lebo za kurekodi, waliokuwa wakitafuta rafu moja ya madukani kwa santuri zisizokuwa na pa kuwekwa. Ni jina la rafu, si la muziki, na hata tuzo za Grammy ziliacha kulitumia mwaka 2020.

Njia inayozaa matunda ni kushika uzi mmoja na kuufuata hadi unakokwenda. Uzi unaweza kuwa ala, mdundo, au njia ya majahazi. Sisi wa Kiswahili tunaanza tukiwa na nyuzi mbili mkononi: taarabu, inayovuta kuelekea Cairo, Istanbul na Mumbai, na rumba, inayovuta kuelekea Kinshasa na Havana. Hapa tutafuata zaidi ule wa kwanza.

Vifaa kwanza

Usitumie spika ya simu. Haitoi sauti za chini, na katika muziki mwingi sauti za chini ndizo zinazokuonyesha ulipo. Katika gamelan, muziki wa ala za kugongwa wa Java, kwa mfano, gongo kubwa ndilo linalofunga kila mzunguko. Kwenye spika ya simu hulisikii, kwa hiyo unadhani muziki hauna mwanzo wala mwisho. Hedifoni za waya za bei ndogo zinatosha.

Kuhusu bando: sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban MB 43 kwa saa, ya kilobiti 160 hula MB 72, na ya 320 hula MB 144. Kwa rekodi za zamani za santuri, 96 inatosha, maana mikwaruzo haisafiki kwa kuongeza bando. Video hula zaidi, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye wifi.

Weka daftari karibu. Kwa kila rekodi andika jina la mwimbaji au kundi, mahali, mwaka wa kurekodiwa (si wa kupandishwa mtandaoni), ala ulizozitambua, na mzunguko una mapigo mangapi. Ukikosa mwaka na mahali, uzi umeshakatika.

Kutoka Unguja kwenda kaskazini

Anza na bashraf, ule muziki wa ala tupu unaofungulia taarabu asilia. Tafuta ya Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa Unguja mwaka 1905, au ya Culture Musical Club. Sikiliza mara ya kwanza bila kufanya lolote. Mara ya pili, fuata ala moja tu hadi mwisho: ganuni, ala bapa ya nyuzi nyingi za kudonolewa, ambayo kila noti yake ina nyuzi tatu zilizolandanishwa pamoja, ndiyo maana inameremeta. Mara ya tatu fuata udi. Wengi hushindwa hapa kwa sababu fidla zimejaa mbele. Udi umejificha chini, ukisindikiza fidla kwa sauti nzito.

Neno bashraf limetufikia kupitia Kituruki, peşrev. Kwa hiyo hatua inayofuata ni Istanbul na Cairo, kwenye ndugu yake anayeitwa samai. Kipande kizuri cha kuanzia ni Samai Bayati ya Mmisri Ibrahim al-Aryan, kwani kimepigwa na watu wengi na kulinganisha ni rahisi.

Samai huenda kwa mapigo kumi. Yahesabu kwa mafungu: tatu, mbili, mbili, tatu. Pigo zito, "dum", liko kwenye 1, 6 na 7. Pigo jepesi, "tak", liko kwenye 4 na 8. Piga dum kwa kiganja juu ya paja na tak kwa kidole mezani, polepole, mizunguko ishirini bila muziki. Halafu weka rekodi. Kosa la kawaida ni kuhesabu nne nne kama dansi: mzunguko wa kwanza unaonekana sawa, wa pili unayumba, wa tatu mikono iko kwake na ngoma iko kwake. Ukipotea usikimbize. Nyamaza, ngojea dum mbili zinazofuatana (6 na 7), uingie hapo.

Mapigo yakishakaa, sikiliza umbo. Kuna sehemu nne ziitwazo khana, na baada ya kila moja hurudi kiitikio kilekile, taslim. Khana ya nne kwa kawaida huacha mapigo kumi na kuingia mwendo wa tatu au sita. Hesabu yako ikivunjika hapo, huna kosa, umefika panapotakiwa. Taslim ya mwisho itakurudisha kwenye kumi.

Jambo la pili ni sauti. Katika maqam (ngazi ya sauti ya Kiarabu) ya Bayati, noti ya pili ya ngazi huangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Aliyezoea kinanda cha kanisani au gitaa husema ala haijapatana. Imepatana sana, piano ndiyo isiyo na kitufe hicho. Mtu wa pwani hapati shida kubwa, kwa kuwa sikio lake limelelewa na adhana na kaswida. Vuma noti nne za mwanzo pamoja na rekodi mara kumi, halafu zima rekodi uvume peke yako. Ukiona sauti inapanda kwenda kwenye noti ya piano, washa tena.

Umm Kulthum, na suala la urefu

Sasa nenda kwa mwimbaji. Umm Kulthum alifariki mwaka 1975, na kwa miongo mingi tamasha zake za Alhamisi ya kwanza ya mwezi zilirushwa na redio ya Cairo. Kumtafuta kunakwamisha watu kwa sababu ya tahajia: Oum Kalthoum, Om Kalsoum, Umm Kulthoum. Nakili jina kwa herufi za Kiarabu, أم كلثوم, ulibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, na utapata rekodi ambazo herufi za Kilatini hazikuonyeshi. Ujanja huo huo unafaa kwa Kiamhari, Kihindi na Kituruki chenye alama zake.

Chukua Enta Omri ya mwaka 1964, muziki wake umetungwa na Mohammed Abdel Wahab. Usichukue toleo lililokatwa. Chukua la ukumbini, la karibu saa nzima. Ala hupiga dakika kadhaa kabla hajafungua mdomo, na gitaa la umeme limo, jambo linalowashangaza wanaodhani "asilia" maana yake hakuna waya. Akianza, chunguza ubeti anaourudia. Kila watu wanapopiga kelele anaurudia, na kila marudio yana mkunjo mwingine. Andika dakika ambayo kelele ilitoka, rudi nyuma sekunde thelathini, ujue ni nini kiliwapandisha. Zoezi hili moja lina faida kuliko kusikiliza nyimbo kumi.

Linganisha na Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Nyimbo zake kwenye santuri ni za dakika tatu hivi. Msidhani ndivyo alivyokuwa akiimba usiku kucha Ng'ambo. Upande mmoja wa sahani ndio uliokuwa na nafasi hiyo. Kila mara unapopima muziki wa kale jiulize kilichourekodi kilikuwa na nafasi ya dakika ngapi. Na jihadhari na mwendo: santuri iliyochezwa kwa kasi isiyo yake inageuza mtu mzima kuwa mtoto, au mlevi. Tafuta nakala ya pili ya wimbo uleule. Zikitofautiana sauti, moja kati yake imeharibiwa.

Uzi wa Mumbai nautaja tu: msikilize Juma Bhalo wa Mombasa, kisha tafuta filamu za Kihindi za zama zake. Utakutana na mahadhi unayoyajua yakiwa na maneno mengine.

Rumba, kwa haraka

Gawa mzunguko katika vipande vidogo 16, upige kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ni klave, mdundo unaoshikilia son, muziki wa dansi wa Kuba. Sahani za Kuba zenye namba za GV ziliuzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, na lebo ya Ngoma ilianza Leopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1948. Weka son ya Havana ya miaka ya 1930, halafu OK Jazz ya Kinshasa ya mwishoni mwa miaka ya 1950 (kundi lilianza 1956), halafu ndipo rekodi zao ndefu za baadaye. Watu huanza na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, peke yake, na hivyo hawasikii kazi ya piano ya Kuba ilivyokabidhiwa magitaa. Isikilize rekodi ndefu mara nne: gitaa la besi, la rithimu, la mi-solo (la kati), na la solo.

Ya leo yaendwe kinyumenyume

Kwa muziki wa sasa geuza mwelekeo. Chukua msanii aliye hai, utafute aliyemtangulia, halafu ala iliyomtangulia huyo. Fatoumata Diawara wa Mali anakupeleka kwa Oumou Sangaré, naye anakupeleka Wassoulou, kwenye kamale ngoni, ala ya vijana iliyotokana na ngoni ya wawindaji. Huku kwetu, Siti and the Band wametoka kwenye chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) cha Mji Mkongwe, Unguja. Ukiwafuata nyuma unarudi pale pale kwenye ganuni.

Programu ya kupendekeza nyimbo haiwezi kazi hii. Inapima nani anasikilizwa pamoja na nani, haijui nani alimfunza nani. Kwa hilo soma maelezo ya albamu. Smithsonian Folkways, lebo ya Marekani, hutoa vijitabu vya rekodi zake bure kwa PDF. ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ina rekodi za Tanganyika, Kenya na Kongo. Discogs, tovuti ya orodha za santuri, hukupa mwaka na namba ya sahani. Radio Garden, tovuti ya redio, hukufikisha kwenye redio za miji mingi ulimwenguni. Fungua saa ya jioni ya mji huo, si ya kwako.

Onyo la mwisho ni la mkwaruzo. Mbira ya Washona wa Zimbabwe, ala ya vijiti vya chuma vya kudonolewa kwa vidole, imefungwa vizibo vya chupa au simbi kwa makusudi ili itetemeke. Usitafute nakala "safi" iliyochujwa, maana kichujio kinaondoa nusu ya ala.

Uzi ukikatika, usirudi kwenye mkusanyiko wa nyimbo arobaini. Rudi kwenye ala. Kutoka udi wa Unguja ni hatua moja tu hadi kaban, udi wa Wasomali, na ya pili iko Hadhramaut.